Madigadi ya Nyuma ni ya Mwenzako: Bei na Chaguo kwa Misafara ya Baiskeli Wakati wa Baridi

Katika vilabu vingi vya baiskeli vya Uingereza kuna sharti linaloanza kusikika mwezi Oktoba: ukija bila madigadi, utakaa mwisho wa msafara. Vilabu vingine vimeliandika kwenye kanuni zao, vingine hulisema kwa mdomo tu watu wanapokusanyika Jumapili asubuhi. Sababu yake haihitaji maelezo marefu. Baiskeli isiyo na madigadi humwagia maji machafu aliye nyuma, na hakuna aliyeamka alfajiri ya Januari ili amezeshwe matope ya mtu mwingine.

Sharti hilo ni la haki. Ugumu huanza dukani. Kipande cha plastiki cha pauni 8 na seti ya chuma ya pauni 120 zote huuzwa kwa jina la madigadi, na zote huahidi kukukinga na mvua. Makala haya yanalinganisha aina tano zinazopatikana kwa vipimo vitatu: zinamkinga nani, zinagharimu kiasi gani ukihesabu majira kadhaa ya baridi, na zinaingia kwenye baiskeli ya namna gani. Kipimo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kinachotajwa kidogo kuliko vyote kwenye matangazo.

Maji yanayotoka chini

Kwa mwaka mzima Dar es Salaam hupata mvua nyingi kuliko London: takriban milimita 1,100 dhidi ya takriban 600. Lakini mvua ya Dar hushuka kwa kishindo, kisha jua hutoka na lami hukauka. Mvua ya baridi ya Uingereza ni manyunyu yasiyokwisha. Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na joto la mchana mara nyingi haliendi mbali zaidi ya nyuzi 7 au 8. Barabara ikilowa Ijumaa, Jumapili bado imelowa. Ndiyo maana mwendeshaji hurudi nyumbani ametota hata siku ambayo hakikudondoka kitu kutoka mawinguni. Koti la mvua huzuia maji ya juu, ila mengi hupanda kutoka chini, yakirushwa na tairi.

Na maji hayo si safi. Usiku wa barafu halmashauri humwaga barabarani chumvi ya mawe, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Winsford, Cheshire. Kwenye barabara za vijijini, ambako vilabu hupenda kupita kwa sababu magari ni machache, matrekta huacha tope la mashamba na samadi ya ng'ombe na kondoo. Mchanganyiko huo hutua kwenye mdomo wa chupa ya maji unayoinywea njiani. Hatari yake imewahi kuonekana: mwezi Julai 2008, baada ya mashindano ya baiskeli za milimani huko Builth Wells, Wales, washiriki wengi waliugua matumbo kwa bakteria wa Campylobacter, na uchunguzi ulielekeza kwenye tope lenye kinyesi cha kondoo lililowarukia midomoni. Hayo yalikuwa mashindano ya porini, lakini barabara ya shamba mwezi Januari haina tofauti kubwa na njia ile.

Tone linaruka wapi?

Ili kulinganisha bidhaa hizi kwa haki, inafaa kujua kwanza tone la maji linafuata njia gani. Baiskeli ikienda kilomita 30 kwa saa, uso wa tairi nao huzunguka kwa mwendo huohuo, yaani zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Mwendo huo ungetosha kurusha tone zaidi ya mita 3 juu, kama hewa isingelizuia. Kila tone huachia tairi likielekea kule ambako sehemu ile ya tairi ilikuwa inaelekea.

Chukua gurudumu la nyuma. Maji yanayoachia tairi kuanzia usawa wa ekseli kwenda juu hupanda na kusonga mbele. Hayo ndiyo yanayochora mstari wa tope mgongoni mwako. Maji yanayoachia chini ya usawa wa ekseli hurushwa nyuma, yakipanda kwa mshazari. Hayo hayakugusi wewe hata kidogo. Yanampata anayekufuata, machoni, mdomoni na kifuani.

Kutokana na hilo, madigadi yanayokomea usawa wa ekseli yanaweza kukuacha mgongo mkavu kabisa na bado yakamlowesha mwenzako karibu sawasawa na baiskeli isiyo na kitu. Mwenye madigadi hayo hawezi hata kujua, kwa sababu yeye yuko mkavu.

Mwenzako naye hawezi tu kukaa mbali. Watu huendesha kwa kundi ili wakingane upepo. Anayejificha karibu na gurudumu la mbele yake huokoa robo ya nguvu zake au zaidi, na umbali unaofaa kwa hilo ni mita moja au pungufu. Ukimlazimisha aachie mita 5, umemnyima sababu ya kuja.

Dawa ni kushusha mwisho wa madigadi ya nyuma kwa kipande cha mpira kinachoning'inia hadi karibu sentimita 10 kutoka ardhini. Hapo maji machache yanayoponyoka hutoka kwa mshazari mdogo sana na kubaki chini ya magoti ya anayefuata. Wasomaji waliokulia Afrika Mashariki wanakijua kifaa hiki. Baiskeli za Raleigh, Phoenix na Hero zilikuja na madigadi marefu ya chuma, na mafundi wengi huongeza mpira mwishoni, mara nyingine uliochorwa maua au kuandikwa maneno. Mpira ule ndio unaokosekana kwenye seti nyingi za gharama kubwa zinazouzwa Ulaya leo.

Aina tano na bei zake

Bei zilizotajwa hapa ni za kawaida katika maduka ya Uingereza. Mwisho wa majira hupungua.

*Kipande cha chini ya kiti, pauni 7 hadi 10.* Ni bapa moja ya plastiki inayokunjwa na kuchomekwa kwenye vyuma vya kiti. Ass Savers ya Sweden ndiyo iliyoeneza aina hii. Huingia kwenye baiskeli yoyote kwa sekunde chache, haina uzito wa kutaja, na hukinga makalio. Miguu, beringi za ekseli ya pedeli na mwenzako hubaki kama walivyokuwa. Kwa anayekwenda kazini peke yake na kukutwa na mvua ya ghafla, ni fedha ndogo iliyotumika vizuri. Kwa msafara haihesabiki kuwa madigadi, na vilabu vyenye sharti haviikubali.

*Madigadi mafupi ya kubana, pauni 35 hadi 50.* Hushikiliwa na mikanda ya mpira kwenye foko na kwenye fremu, na hutengenezwa kwa ajili ya baiskeli za mashindano zisizo na vitundu vya skrubu. Mfano unaojulikana ni SKS Raceblade, kutoka kampuni ya Kijerumani yenye makao Sundern. Hufungwa na kufunguliwa kwa dakika chache, hivyo siku kavu unaweza kuyaacha nyumbani. Kasoro yake ni urefu. Mengi hukomea juu ya usawa wa ekseli, yaani pale pale ambapo maji ya mwenzako huanza kuruka. Mikanda hulegea, madigadi husogea na kukwangua tairi, na mpira uliochakaa hukatika njiani. Hapa mnunuzi hulipa karibu sawa na bei ya seti kamili, akapata nusu ya kazi.

*Madigadi marefu ya kubana, pauni 55 hadi 75.* Haya, kama SKS Raceblade Long, hufungwa kwa vishikizo vinavyobanwa pamoja na ekseli ya gurudumu, kwa hiyo hufika chini zaidi na hutulia kuliko yale ya mikanda. Ni mkombozi wa baiskeli ya mashindano ya zamani kidogo, yenye breki za ringi na nafasi finyu. Tairi lazima liwe jembamba, karibu milimita 25, na baiskeli nyingi mpya zenye breki za diski hazikubali vishikizo vyake. Ongeza mpira wa nyuma, na msafara utakupokea.

*Seti kamili ya plastiki, pauni 35 hadi 50.* Hii hufungwa kwa skrubu kwenye vitundu vya fremu na foko, na kushikiliwa na vyuma vyembamba kila upande. Iliyozoeleka zaidi ni SKS Bluemels, yenye jina lililorithiwa kutoka kwa watengenezaji wa zamani wa Uingereza. Ndani ya plastiki yake kuna utepe wa alumini, ndiyo maana haipindi ovyo kama plastiki tupu. Hukinga mgongo, miguu, beringi za ekseli ya pedeli na, ikiongezewa mpira, mwenzako. Pia ina jambo la usalama ambalo halina bei: vyuma vya mbele hushikwa na klipu inayoachia yenyewe kijiti kikinasa kati ya tairi na madigadi, kabla gurudumu halijakwama na kukurusha juu ya usukani. Usinunue seti kamili isiyo na klipu ya namna hiyo mbele.

*Seti ya chuma, pauni 70 hadi 150.* Hapa wapo Honjo wa Japani na Velo Orange wa Marekani kwa alumini, na Gilles Berthoud wa Ufaransa kwa chuma kisichoshika kutu. Umbo lake lina kina, na kingo zake hushika maji na kuyateremsha badala ya kuyaachia pembeni. Zikifungwa vizuri hazipigi kelele na hudumu miaka mingi. Neno la kushika ni “zikifungwa vizuri”. Alumini iliyolazimishwa kukaa mahali pasipolingana nayo hubaki na mkazo, na mtikisiko wa barabara hatimaye huipasua kwenye skrubu. Mara nyingi utatoboa mashimo mwenyewe au kumlipa fundi kwa saa zake. Ni chaguo la mtu ambaye baiskeli yake ya baridi haibadiliki.

Hesabu ya majira manne

Bei ya dukani peke yake hupotosha. Tuchukue seti kamili ya plastiki ya pauni 45, mpira wa ziada wa pauni 10, na fundi wa pauni 25 kwa asiyejifungia mwenyewe. Jumla ni pauni 80. Seti ikidumu majira manne ya baridi, hiyo ni pauni 20 kwa msimu. Anayetoka Jumapili 25 kati ya Oktoba na Machi hulipa pensi 80 kwa kila safari, chini ya bei ya kikombe cha chai mahali msafara unaposimama kupumzika.

Sasa weka upande wa pili gharama ya kutokuwa nayo. Maji yenye chumvi na mchanga kutoka gurudumu la mbele hupiga moja kwa moja cheni na beringi za ekseli ya pedeli, na yale ya nyuma hupanda hadi kwenye giya. Cheni ni pauni 20 hadi 40. Giya za nyuma zilizoliwa na cheni mbovu ni pauni 40 hadi 80. Beringi za pedeli ni pauni 20 hadi 40 kabla ya malipo ya fundi. Madigadi hayazuii uchakavu wote. Grisi, oili na kuosha baiskeli kila unaporudi vinabaki kuwa lazima. Lakini yakiokoa cheni moja na beringi seti moja ndani ya miaka minne, yamerudisha karibu gharama yote ya kununuliwa.

Nguo nazo zina bei. Kaptura nzuri ya baiskeli ni pauni 80 au zaidi, na mchanga unaosagwa kati ya kitambaa na kiti huitafuna haraka. Vifuniko vya viatu vya pauni 35 haviwezi kushindana na maji yanayorushwa moja kwa moja na tairi la mbele. Miguu ikishalowa kwenye nyuzi 4, safari iliyobaki ni mateso. Madigadi ya mbele yenye mpira unaoshuka chini huongeza joto la miguu kuliko jozi ya pili ya soksi.

Kuna pia gharama isiyokuwemo kwenye risiti yako, kwa sababu inalipwa na mwingine. Anayekufuata kwa saa tatu anarudi na macho mekundu, koti la kufua mara mbili na baiskeli iliyojaa tope lililotoka kwenye tairi lako. Kipande cha pauni 8 ni nafuu kwako kwa sababu sehemu iliyobaki ya gharama umemwachia yeye. Wazee walisema rahisi ghali. Katika msafara, anayeuonja ughali huo mara nyingi si yule aliyenunua.

Pima kabla ya kulipa

Makosa mengi ya ununuzi hutokana na vipimo. Angalia kwanza upana wa tairi, ulioandikwa ubavuni mwake. Madigadi yanapaswa kuyazidi matairi kwa takriban milimita 7 hadi 10. Seti ya milimita 35 hubeba tairi hadi takriban 28. Ya 45 hubeba hadi takriban 37. Baiskeli nyingi mpya huja na tairi la 30 au 32, na mnunuzi aliyezoea namba za zamani hubeba seti nyembamba mno.

Kisha angalia nafasi kati ya tairi na fremu, hasa chini ya breki na nyuma ya ekseli ya pedeli. Baada ya madigadi kukaa, kunapaswa kubaki nafasi ya kupitisha kidole kati yake na tairi, na iwe sawa mzunguko mzima. Ikiwa finyu mno, majani makavu na tope hujaa na kukwamisha gurudumu.

Tatu, tafuta vitundu vya skrubu karibu na ekseli zote mbili. Baiskeli nyingi zilizotengenezwa kwa safari ndefu huwa navyo, ingawa baadhi hufichwa ndani ya foko. Breki za diski huweza kuzuia njia ya vyuma. Baadhi ya seti huja na skrubu ndefu na vipande vya kuvisogeza nje.

Mwisho, kaa kwenye kiti, weka pedeli mbele na ukate usukani polepole. Kwenye fremu ndogo ncha ya kiatu inaweza kugusa madigadi ya mbele. Hilo halikuzuii kuyafunga, ila ujue kona za mwendo mdogo zinahitaji uangalifu.

Mpira wa nyuma si lazima uununue. Kata kipande cha tyubu nzito ya gari, zulia la plastiki la sakafuni au chupa kubwa ya plastiki, kiwe na upana wa sentimita 7 au 8 na kipanuke kidogo kuelekea chini. Toboa matundu mawili na ufunge kwa skrubu ndogo zenye washa. Kiwe kigumu kiasi cha kutopeperushwa na upepo, na laini kiasi cha kupinda kikigusa ngazi au ukingo wa barabara.

Nani anunue nini

Ikiwa baiskeli yako ina vitundu vya skrubu, nunua seti kamili ya plastiki pamoja na mipira miwili, mbele na nyuma. Kwa bei hiyo hakuna kinachoishinda, na tofauti ya pauni kadhaa kati yake na madigadi mafupi si sababu ya kuchagua mafupi.

Ikiwa una baiskeli ya mashindano yenye breki za ringi na tairi jembamba, ongeza fedha ufikie yale marefu ya kubana, kisha uyashushe kwa mpira. Kama uwezo unakomea kwenye mafupi, yafunge, lakini kaa mwisho wa msafara na useme hivyo mwenyewe kabla hujaambiwa. Si adhabu; ni heshima kwa watu unaokwenda nao.

Ikiwa baiskeli yako haipokei chochote, usitumie pauni 70 kuilazimisha. Uingereza ina desturi ya kuwa na baiskeli ya pili kwa ajili ya baridi, na iliyotumika yenye fremu ya chuma, tairi pana na vitundu vyote hupatikana kwa pauni 200 hadi 400. Fedha hizo huonekana nyingi, ila humaanisha pia kwamba baiskeli nzuri hailambwi na chumvi kwa miezi sita.

Na ikiwa tayari unayo baiskeli hiyo, unaipenda na huna mpango wa kuibadilisha, seti ya chuma iliyofungwa na fundi mzuri ndiyo itakayokaa miaka mingi kuliko zote.

Chochote utakachochagua, jipe mtihani mmoja kabla ya Jumapili ya kwanza ya mvua. Mwombe mwenzako akufuate kwa umbali wa mita moja kwenye barabara iliyolowa, kwa mwendo wenu wa kawaida, kisha umuulize maji yanamfikia wapi. Yakiishia kwenye viatu vyake, umenunua vizuri. Yakimfika usoni, shusha mpira zaidi na ujaribu tena.